Shimo la Samadi Mpakani

Mama mkwe wangu alivunjwa mkono kwa sababu ya mzigo mmoja wa kuni, na mimi nilikuwapo. Tulikuwa wanawake watano tuliopanda msituni asubuhi, upande wa magharibi wa Mlima Meru, pale mashamba yanapokoma na miti ya serikali inapoanza. Kuokota kuni zilizoanguka kuliruhusiwa siku mbili kwa wiki, na ile haikuwa mojawapo. Tulijua. Lakini nyumbani hapakuwa na kijiti, na makande hayaivi kwa maombi.

Walinzi wawili walitokea chini yetu wakaziba njia. Wenzetu watatu walitupa mizigo wakakimbia. Mama mkwe, ambaye nilimwita yeyo kama wanawe walivyomwita mama yao kwa Kimaa, hakuweza kukimbia, nami sikuweza kumwacha. Mlinzi mmoja, kijana wa umri wa wajukuu wake, alimwamuru aweke mzigo chini. Akauweka. Akamwamuru alale kifudifudi. Hapo yeyo akakataa. Alisema halali chini mbele ya mtoto ambaye hajamwamkia. Fimbo ikashuka. Yeyo aliinua mkono kukinga kichwa, na mfupa ukalia.

Nilimrukia yule kijana mgongoni nikamng'ata shingo mpaka nikaonja damu. Mwenzake alinipiga mateke ya mbavu hadi nikaachia. Kisha wakachukua mapanga yetu na kamba, wakaondoka wakituachia kuni. Hata kuni zenyewe hawakuzitaka. Nilimfunga yeyo mkono kwa khanga yangu, nikambeba nusu, nikamwongoza nusu, tukashuka. Njiani hakulia. Alipofika nyumbani alikaa kwenye kigoda akatazama mafiga matatu yaliyopoa, akaniambia nitafute njia nyingine ya kupika, kwa sababu yeye msituni harudi na mimi pia nisirudi.

Wakati huo nilikuwa mjane wa mwaka mmoja. Nilizaliwa Kilimanjaro, nikaolewa na Mwarusha niliyekutana naye kwenye kwaya ya kanisa mjini Arusha. Alifanya kazi kiwandani. Ilipofika miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, maduka yalijaa sabuni na sukari na mitumba, lakini viwanda vikaanza kupunguza watu, na yeye akawa miongoni mwa waliopunguzwa. Alikaa nyumbani miezi michache akipiga watoto kwa makosa madogo, jambo ambalo hakuwa nalo kabla. Halafu akaenda Mererani kuchimba mawe ya bluu kama wanaume wengi. Shimo liliporomoka wakiwa chini. Walimtoa siku ya tatu. Nilionyeshwa mguu wake mmoja tu, maana mwili wote uliobaki ulikuwa umefungwa na wazee hawakuniruhusu kuufungua.

Aliniacha na watoto wawili, yeyo, ng'ombe mmoja wa maziwa ambaye baba yangu alinipa nilipoolewa, mtamba wake, dume mdogo, na kipande cha shamba la migomba na kahawa. Chini ya shamba hilo, ng'ambo ya mstari wa masale, mimea inayopandwa kuonyesha mpaka, alikaa shemeji yangu, mdogo wa marehemu, pamoja na mke wake. Shemeji alichoma mkaa. Alinunua miti kwa watu, mingine akaipata kwa njia anazozijua mwenyewe, na magunia yake yalipakiwa kila wiki kwenda kwa wauzaji wa Sokon I, mjini. Siku arobaini za msiba hazijaisha vizuri alikuja kuniambia kwamba kwa desturi mimi na shamba tunarudi kwake. Nikamjibu kwamba mimi ni Mlutheri kama yeye, na yeye ana mke. Alinipiga kofi moja, akatoka. Yeyo alimsikia akiwa ndani, na kwa wiki nzima hakumpa mkono.

Njia nyingine ya kupika niliiona kwa mwalimu mstaafu, chini karibu na barabara kuu. Nilikuwa nimempelekea mbegu za maharage. Mke wake aliweka sufuria juu ya jiko, akafungua koki, akawasha kiberiti, na moto wa bluu ukatokea bila ukuni, bila mkaa, bila moshi. Nilidhani ni mtungi wa gesi wa matajiri. Akanipeleka nyuma ya banda la ng'ombe akanionyesha kilima kidogo cha udongo. Chini yake kulikuwa na kuba la matofali na saruji. Samadi ya ng'ombe wawili inakorogwa na maji, inaingia shimoni, inaoza humo bila hewa, gesi inapanda juu na kupita kwenye bomba mpaka jikoni. Tope linalotoka upande wa pili linamwagwa kwenye migomba. Niliomba niruhusiwe kuchemsha maji mwenyewe. Nilipowasha nilicheka peke yangu.

Saruji wakati ule ilikuwa imeanza kupatikana madukani bila kibali. Nilimuuza dume mdogo, nikauza baiskeli ya marehemu na suti yake ya harusi, nikaongeza fedha za maziwa nilizokuwa nimeweka akiba. Mradi uliokuwa ukisambaza mitambo ile uliniletea bomba, jiko na fundi.

Fundi alikuwa Mmeru mfupi, mlokole, mwenye sauti kali kuliko mwili wake. Siku ya kwanza, kabla hajapima hata hatua moja, alinisimamisha uani na kuniambia sheria. Juu ya kuba kutakuwa na mfuniko wa zege, umezibwa kwa udongo wa mfinyanzi na kufunikwa na maji ili gesi isivuje. Mfuniko ule ukifunguliwa, hakuna moto.

"Si kiberiti, si kaa, si sigara," alisema. "Rudia, mama."

Nikarudia. Akaniambia nirudie tena. Yeyo alikuwa amekaa karibu, mkono wake ungali kwenye plasta, naye akaambiwa arudie. Akarudia kwa Kimaa.

Mahali pazuri pa shimo palikuwa chini ya banda, ambapo samadi ingeteremka yenyewe. Palikuwa hatua chache tu kutoka mstari wa masale. Siku ya pili ya kuchimba, shimo likiwa limefika kiunoni, shemeji alivuka masale akiwa na fimbo. Hakusalimia. Alisimama ukingoni akanitazama, akauliza:

"Shimo moja halikukutosha?"

Alimaanisha lile la Mererani lililomuua kaka yake. Akageukia wachimbaji akawaambia watoke, kwa sababu hii ni ardhi ya baba yake, na Mchaga akishajenga kwa saruji hatoki tena. Fundi akamwambia kwa upole kwamba mambo ya ardhi yana wazee wake. Shemeji alimpiga fimbo ya bega, fundi akaanguka shimoni. Nilichukua jembe nikampiga shemeji kwa mpini, pajani, kwa nguvu zote nilizokuwa nazo tangu Mererani. Alipiga magoti. Alipoinuka fimbo yake ilinipata juu ya jicho, damu ikanifunika uso nisione kitu. Niliendelea kurusha jembe hewani. Nilisikia watu wakipiga kelele, halafu sauti ya yeyo karibu sana.

Niliambiwa baadaye kwamba alijiweka katikati yetu. Alimwambia mwanawe ampige yeye kwanza, mkono mmoja umeshavunjika, umebaki mmoja. Shemeji alitupa fimbo chini akarudi kwake. Mimi nilishonwa kwenye zahanati, na alama ipo mpaka leo. Fundi alikaa siku mbili kwao akarudi siku ya tatu na bega lililovimba, akaendelea na kazi. Nilimuuliza kwa nini amerudi. Alisema ameshachimba nusu.

Gesi ya kwanza ilipatikana baada ya wiki kadhaa. Yeyo ndiye aliyewasha, kwa mkono wa kushoto. Tulichemsha maziwa, tukapika uji, tukapika chai ambayo hakuna aliyeihitaji. Watoto waliacha kukohoa. Asubuhi, muda niliokuwa nikiutumia kupanda msituni, nilianza kukaanga maandazi na kuyashusha barabarani. Wanawake walikuja kutazama, mmoja mmoja kwanza, kisha kwa makundi baada ya ibada. Waliinama kunusa kama chakula kina harufu ya samadi. Waligusa sufuria chini waone kama lina masizi. Kaya sita ziliandikisha majina kwa fundi. Fundi alifurahi, akaniambia mlima huu una ng'ombe wa kutosha kila jiko liwake, kinachokosekana ni watu kuona kwa macho yao. Nami nikaamini. Niliwaza mlima wote, kutoka kwetu hadi upande wa Wameru, usiku mmoja usiokuwa na moshi.

Hata mke wa shemeji alikuja. Alikuwa mkamwana mwenzangu, msichana mpole kutoka kijiji cha jirani, mwenye vidole vyeusi kwa kupepeta mkaa. Alikuja mume akiwa mjini, akakaa jikoni kwangu dakika chache akitazama moto, akauliza kama tope linafaa kwa mboga. Siku iliyofuata alikuwa na mdomo uliopasuka. Hakurudi tena.

Kisha ikaja asubuhi ya ng'ombe. Nilikwenda bandani kukamua, nikamkuta amelala upande, miguu ya nyuma imenyooka vibaya. Alijaribu kusimama aliponiona. Mishipa ya nyuma ya miguu yote miwili ilikuwa imekatwa, mkato mmoja kila mguu, safi, wa panga lililonolewa. Damu ilikuwa imeteremka kwenye mfereji wa samadi na kuganda kwenye mdomo wa mtambo. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Jirani alikuja kumchinja kwa sababu mimi sikuweza, na ndama aliyetolewa tumboni aligusa hewa akatikisa kichwa mara mbili, basi. Nilikaa kwenye majani nikamshika kwato.

Kila mtu alijua ni nani. Hakuna aliyeona. Mwenyekiti wa kijiji alikuja na daftari akaandika kwamba ng'ombe ameuawa na mtu asiyejulikana. Nilibaki na mtamba peke yake, na samadi yake haikufikisha nusu ya pipa. Moto wa jikoni ukapungua mpaka ukawa wa kupikia chai tu.

Sitaficha nilivyokuwa baada ya hapo. Nilinoa panga langu kila siku nikalilaza chini ya godoro. Kanisani, wakati wa sala ya kimya, nilimwomba Mungu amuue shemeji, na nilimtajia njia: aangukiwe na mti, afunikwe na tanuri lake mwenyewe. Nilikuwa mtu wa kwaya, niliimba sauti ya pili, na ndani nilikuwa hivyo. Watoto wangu walianza kuniogopa kama walivyomwogopa baba yao miezi ile ya mwisho.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili. Yeyo alikuwa na homa, nikabaki naye, watoto wakaenda kanisani na jirani. Nilikuwa bandani na ndoo nikisikia ibada kwa mbali. Gesi ilikuwa imejaa kwa sababu siku mbili hatukuwa tumepika nayo, nilikuwa naiweka kwa ajili ya wageni. Nikasikia chuma kinagonga zege.

Nilichungulia mlangoni mwa banda. Shemeji alikuwa amesimama juu ya kilima cha mtambo na mtaimbo wake wa kung'olea visiki. Bila shaka alidhani wote tuko kanisani. Alikuwa amevaa jaketi la mitumba la nailoni, la bluu, ambalo alilipenda sana. Alikomba maji juu ya mfuniko kwa kopo, akachimba udongo wa mfinyanzi kwa ncha ya mtaimbo, polepole, kama mtu mwenye siku nzima. Kisha akapumzika. Alitoa sigara, akaiwasha, akatupa njiti, akaiweka sigara kwenye kona ya mdomo. Akainama, akachomeka mtaimbo chini ya mfuniko.

Kutoka pale nilipokuwa mpaka kwake hazikuzidi hatua kumi na tano. Sheria ya fundi nilikuwa naijua kuliko Sala ya Bwana. Nilifungua mdomo. Niliona mishipa ya yule ng'ombe, niliona kichwa cha ndama. Nikaufunga mdomo.

Mfuniko uliinuka upande mmoja. Hakukuwa na mlio mkubwa kama watu walivyosimulia baadaye. Ilikuwa pumzi moja nzito, na moto ukasimama kuliko urefu wa mtu, karibu hauonekani kwa jua lile. Shemeji alitoka ndani ya moto huo akirudi nyuma, mikono mbele, nywele hazipo. Jaketi lilikuwa linayeyuka. Nailoni haiungui kama pamba. Inatiririka, inashika ngozi na kuendelea kuwaka juu yake. Alikuwa hapigi kelele. Alikuwa anajaribu kulivua na vidole vyake vinabaki kwenye kitambaa.

Hapo nilikimbia. Mtu aliyesimama kimya na mtu aliyekimbia walikuwa mimi yule yule, na kati yao hapakupita muda wa kuhesabu. Nilimwangusha nikamburuta mpaka kwenye pipa la kuchanganyia, nikamwagia tope lote la samadi na maji, nikalikwangua jaketi kifuani kwa mikono yangu. Ngozi ilikuja nalo. Mikono yangu iliungua mpaka juu ya vifundo, sikuisikia mpaka jioni. Aliniangalia kwa jicho moja. Jingine lilikuwa limefunga na halikufunguka tena maisha yake yote.

Gari la kukusanya maziwa ndilo lililotupeleka hospitali mjini, wote wawili nyuma, katikati ya makopo, mke wake akiwa ameshika kichwa chake mapajani. Kila gari lilipopiga shimo barabarani, shemeji alitoa sauti moja fupi.

Alilazwa miezi mitatu. Aliporudi, wazee waliita kikao kwenye ofisi ya kijiji. Alikaa mbele, uso umevutika upande mmoja, vidole vya mkono wa kulia vimegandana. Watu waliokuwa wanamwogopa hawakuweza kumtazama. Walimuuliza alifuata nini kwenye mtambo wangu na mtaimbo siku ya Bwana. Alisema jambo moja tu.

"Alikuwa mlangoni mwa banda. Aliona ninavuta sigara, akanyamaza."

Mzee aliyeongoza kikao alinigeukia akaniuliza kama ni kweli. Mikono yangu ilikuwa bado na bandeji, na nadhani bandeji zile ndizo zilizonitetea zaidi ya maneno. Nilisema nilikuwa nazoa samadi bandani, nikasikia kishindo, nikatoka. Nilisema sikuona sigara. Fundi alieleza habari ya gesi na mfuniko. Yeyo aliulizwa, kwa sababu dirisha la chumba chake linatazama kule. Alisema alikuwa na homa na alikuwa amelala.

Wazee waliamua kwamba mtu aliyekwenda kuvunja cha mwenzake amevunjika mwenyewe, na hakuna wa kumlipa mwingine. Walitembea mpaka kwenye shamba, wakapanda masale mapya pale pale yalipokuwa ya zamani, na kusema huo ni mpaka wa watoto wa marehemu. Kwa maneno mengine, nilishinda.

Jioni hiyo nilipasha chakula. Yeyo alikuwa amekaa nyuma yangu. Aliniuliza bila kuinua sauti kama nilimwona mwanawe na sigara. Ningeweza kusema uongo mara ya pili. Ulikuwa umeshazoea mdomo.

"Nilimwona, yeyo."

Chakula kilianza kuungua. Halafu akasema:

"Cha moto huo sitakula tena. Wewe kula, na watoto wale. Neno hili liishie hapa jikoni."

Kesho yake aliniomba nimrudishie mafiga yake matatu nje, nyuma ya nyumba. Kuanzia siku ile chakula chake kilipikwa hapo, kwa matawi ya kahawa iliyopogolewa na magunzi ya mahindi, na mkono wake ulipochoka nilimpikia mimi. Wageni walishangaa, wakadhani ni ukaidi wa uzee, wengine wakamtania. Alicheka nao. Hakumwambia mtu. Aliishi hivyo miaka minne, akafa katika usingizi. Alikuwa amemficha muuaji wa uso wa mwanawe, na alikuwa ananipenda. Sijapata njia ya kuyaweka mambo hayo mawili kwenye sentensi moja yakatulia.

Zile kaya sita zilifuta majina yao. Wakati ule hadithi ilikuwa imefika mjini, na kila ilipopita iliongezeka: mtambo umelipuka, umeua watu, samadi ina pepo. Mradi nao ulipunguza msaada. Tuliambiwa sasa ni zama za soko huria, kila mwenye kutaka anunue. Fundi alikuja kunitengenezea mfuniko mpya. Alipomaliza alisema anataka niende naye anapoitwa, nikawaonyeshe watu mikono yangu. Nilidhani ananikejeli. Alikuwa hana hata chembe ya kejeli. Alisema watu hawaogopi gesi, wanaogopa wasichoelezwa, na aliyeungua anasikilizwa kuliko aliyesoma.

Nilikwenda. Mwanzoni nilikuwa nasimama tu na mikono yangu nikieleza sheria ya mfuniko, na kuwalazimisha warudie. Kisha nikaanza kuchanganya zege, kisha kupanga matofali ya kuba, kazi ambayo wanaume walisema kifua cha mwanamke hakiiwezi. Mume wa nyumba moja alinirushia tofali nilipomwambia kipimo chake cha mchanga ni kibaya. Kwenye nyingine, mkwe wa mwenye nyumba alituachia mbwa. Tulijenga polepole. Tulijenga upande wetu wa mlima, tukashuka mjini, Lemara kwa watu wenye ng'ombe wawili nyuma ya nyumba, Terrat ambako wafugaji walitusikiliza wakiwa wamesimama kwa mguu mmoja na kuuliza maji ya kukorogea yatatoka wapi, swali zuri.

Nimekaa kwenye semina nyingi tangu hapo. Wataalamu wanakuja na karatasi, wanahesabu ng'ombe wa mkoa, wanazidisha kwa ndoo za samadi, na jibu linakuwa kubwa na zuri: kuni ngapi zitabaki msituni, wanawake wangapi watapumzika. Nakubaliana nao. Mimi mwenyewe niliwahi kuota hesabu hiyo. Lakini wanahesabu ng'ombe tu. Hakuna anayehesabu mashemeji. Shimo la zege katika ua wa mjane ni hati ya kiwanja, na mahali ardhi imeanza kuwa na bei, hati huwa inadaiwa kwa fimbo. Niliwahi kusimama kusema hivyo. Walinipigia makofi, wakaendelea na ndoo.

Shemeji aliacha mkaa. Vidole vyake havikuweza tena kushika shoka. Mke wake alifuga, kwanza mbuzi, kisha akapata ng'ombe wa maziwa, kisha wawili. Miaka tisa baada ya ile Jumapili alinisimamisha njiani akaniamkia kama zamani, akaniambia anataka mtambo. Nilimuuliza kama mume wake anajua. Alisema ameshamwambia, tena mbele ya mchungaji, na amekubali kwa sharti moja: mimi nisikanyage kwake.

Fundi alikuwa amezeeka na mgongo haumruhusu kuingia shimoni, kwa hiyo vijana wawili tuliowafundisha ndio waliochimba. Mimi nilisimama upande wangu wa masale. Kutoka pale niliwaelekeza kupima duara kwa kamba, niliwakatalia matofali yaliyoiva vibaya, niliwapigia kelele walipoweka maji mengi kwenye zege. Siku ya kufunga kuba nilisimama tangu asubuhi mpaka jua linageuka, na mkamwana mwenzangu aliniletea chai mpakani, akanipa kikombe juu ya majani.

Shemeji alikaa kwenye benchi ukutani kwake siku zote hizo, kofia imeshushwa, jicho zima likiwatazama wachimbaji. Hatukusalimiana. Siku ya mwisho, vijana walipokuwa wanaziba mfuniko, mmoja wao alitoa sigara mfukoni akaipachika mdomoni, bado hajaiwasha. Nilikuwa nimegeuka kuchukua kikombe. Shemeji ndiye aliyeinuka kwenye benchi, akatembea mpaka kwa yule kijana, akaichomoa sigara mdomoni mwake kwa vidole vyake vilivyogandana, akaivunja, akarudi kukaa.

Mtambo ule unafanya kazi. Naambiwa moto wake ni mzuri kuliko wangu, kwa sababu wana ng'ombe wengi. Sijawahi kuuona.